Tuliacha nazi, tukabakiza chumvi

Mwaka 1999 mama yangu alimsindikiza wifi yake zahanati, hapo mjini Tanga, na kwa kuwa foleni ilikuwa fupi akaamua naye apimwe presha. Kipimo kilisoma 178 kwa 104. Alikuwa na umri wa miaka 54, na hakuwa amelalamikia chochote zaidi ya kichwa kilichomgonga nyakati za jioni, ambacho siku zote alikisingizia jua na moshi wa kuni. Alirudi nyumbani na vidonge ndani ya bahasha ndogo ya kaki pamoja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono, ambayo ninayo hadi leo, kwa sababu aliitunza katika sanduku la vyeti. Karatasi hiyo ina mistari mitano: aache nazi, aache mayai, aache nyama nyekundu, apunguze chumvi, apunguze sukari. Neno nazi limepigiwa mstari mara mbili.

Msomaji ambaye hakukulia pwani huenda asione uzito wa agizo hilo. Kwetu tui ndilo linalobeba karibu kila kinachoingia chunguni: wali, maharage, kisamvu, mchicha, samaki, ndizi mbichi, hata mihogo ya futari mwezi wa Ramadhani. Mama alikuwa na mbuzi ya kukunia aliyoachiwa na bibi, mbao yake imelainika kwa kukaliwa miaka mingi, pamoja na kifumbu cha kuchujia tui. Siku ya pili baada ya kupimwa aliviosha vyote viwili, akavianika, akavipandisha darini. Sikumsikia akinung'unika hata mara moja. Aliona kwamba ameelezwa jambo na watu waliosoma, na mtu anayetaka kuwaona wajukuu wake hashindani na waliosoma.

Mahali pa tui pakaingia majarini na mafuta ya kopo, yale meupe yanayoganda, ambayo wakati huo yalisifiwa kwamba yanatokana na mimea na kwa hiyo hayana lehemu, yaani kolesteroli. Mayai ya kuku wake wa kienyeji yalianza kupelekwa yote dukani. Nyama haikuwa tatizo, kwani tuliila kwa nadra. Kilichobaki pale pale kilipokuwa ni papa mkavu, kwa sababu papa ni samaki, na samaki hakuandikwa kwenye karatasi. Yeyote anayemjua papa mkavu anajua anavyotengenezwa: hupasuliwa vipande, hupakwa chumvi nyingi ya mawe, kisha huanikwa juani mpaka akakauka kama ubao, na ukimtazama vizuri utaiona chumvi imemganda juu kama unga mweupe. Zamani mama alimpika kwa tui zito. Sasa alimchemsha kwa nyanya, vitunguu na kijiko cha mafuta ya kopo, mara tatu au nne kwa wiki, na kwa kuwa mchuzi usio na nazi haukumkaa mdomoni, akawa anauongezea chumvi.

Hivyo ndivyo tulivyoacha nazi tukabakiza chumvi, na tuliishi hivyo kwa miaka sita. Presha haikushuka kama ilivyotarajiwa. Dawa ziliongezwa mara mbili. Kila aliporudi kliniki aliulizwa kama bado anakula nazi, naye alijibu, na ulikuwa ukweli mtupu, kwamba ameiacha.

Simlaumu aliyeandika karatasi ile. Aliandika alichofundishwa, katika dakika chache alizokuwa nazo kwa mgonjwa mmoja, na kuhusu chumvi na sukari alikuwa sahihi kabisa. Kinachoniuma ni kwamba maagizo yote matano yalifika nyumbani kwetu yakiwa na sura moja, bila mtu yeyote kutuambia lipi limethibitishwa kwa nguvu na lipi limesimama juu ya ushahidi mwembamba, nasi tukaumaliza utii wetu wote mahali ambapo ulikuwa na faida ndogo. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja: katika yote yanayosemwa kwa jina la sayansi ya lishe, yapi ninaweza kuyakabidhi chungu cha mama yangu, na yapi ni ya kusikiliza tu na kusubiri?

Mwanzo wa jibu niliupata kwa bahati. Mwaka 2004 nilipata kazi ya muda ya udadisi katika utafiti wa ulaji uliofanyika kwenye vijiji vya Muheza. Tulifundishwa kwa siku tano, tukapewa dodoso lenye kurasa nyingi pamoja na kitabu cha picha za mabakuli ya ukubwa mbalimbali, ambacho mhojiwa alitakiwa kukitazama na kuonyesha kiasi alichokula. Nilikwenda nikiamini kwamba ninashiriki kutafuta ukweli, na kwa kweli nilishiriki, lakini nyumba ya tatu ilinifundisha zaidi ya mafunzo yote ya ukumbini.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi wa miaka sabini hivi. Nilimwamkia, akaniitikia, akanitolea kigoda, akaendelea kuchambua kisamvu huku akinisikiliza. Nilimuuliza ni mara ngapi amekula mboga za majani katika mwezi uliopita. Aliinua macho akaangalia shambani. "Mwanangu, mvua hizi zimeanza lini? Tangu zianze tunakula kila siku. Kabla ya hapo hatukuiona mboga mpaka tukaisahau." Dodoso lilikuwa na visanduku vya mara ngapi kwa wiki, na cha mvua hakikuwepo. Nikaandika mara tano. Nikamwonyesha zile picha, nikamuuliza bakuli lipi linalingana na kiasi alichokula jana. Alitabasamu, akanionyesha sinia lililoegemezwa ukutani: jana walikuwa saba kwenye sinia hilo, wanne kati yao watoto, na yeye alikula polepole ili watoto washibe. Bakuli lake lilikuwa lipi? Nikachagua la pili kwa udogo. Nilipofika kwenye mafuta ya kupikia nikakuta orodha ya aina sita, na tui la nazi halimo. Nyumba ile ilikuna nazi mbili kwa siku, na zote mbili zikaishia kwenye mstari wa "mengineyo".

Mwishoni nilimuuliza huwa anatia vijiko vingapi vya sukari katika kikombe cha chai. Akanyamaza, akanitazama usoni, kisha akasema: "Hao waliokutuma wanapenda viwe vingapi?" Hakukusudia kunidanganya. Alikuwa ananikirimu kwa jibu, kama alivyonikirimu kwa kigoda.

Nilimaliza nyumba zangu kwa wiki tatu, na kila nilipolala usiku niliziona zile tarakimu nilizoziandika kwa kalamu ya wino, zikiwa zimekaa imara kwenye visanduku vyao kana kwamba zilipimwa kwa mizani. Nilitambua kwamba sehemu kubwa ya habari tunazosikia, za kwamba wanaokula kitu fulani hupata au huepuka ugonjwa fulani kwa kiasi fulani, hutoka kwenye madodoso ya aina hiyo, ingawa hujazwa na watu wengi zaidi na kwa miaka mingi. Wingi wa watu hupunguza makosa ya kubahatisha. Haupunguzi makosa yanayoelemea upande mmoja, kama lile la kumkirimu mgeni kwa jibu analolipenda. Na hata pale dodoso linapojazwa bila kosa, anayekula matunda kila siku hutofautiana na asiyekula kwa mambo mengine mengi, yakiwemo kipato, sigara, kazi anayoifanya na umbali wa kufika hospitali. Watafiti wanalijua hilo vizuri kuliko mimi na hujitahidi kuyaondoa mambo hayo kwa hesabu, lakini wanaweza kuyaondoa yale tu waliyoyapima.

Mfano ulionitikisa, nilipoanza kusoma mwenyewe, ni wa beta-karotini, ile rangi iliyomo kwenye karoti, maboga, viazi lishe na mawese. Tafiti za kuuliza na kufuatilia watu zilikuwa zimeonyesha kwa muda mrefu kwamba wanaokula kwa wingi vyakula vyenye rangi hiyo hupata saratani ya mapafu kwa uchache. Lilikuwa wazo lenye kuingia akilini, na hatua iliyofuata ikaonekana kuwa rahisi: iwekwe kwenye kidonge, wapewe wavutaji wa sigara. Huko Finland walichukuliwa wanaume 29,133 wavutaji, wenye umri wa miaka 50 hadi 69, wakagawanywa kwa bahati nasibu, na matokeo yalipotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wenzao kwa asilimia 18. Jaribio jingine la aina hiyo nchini Marekani lilisimamishwa kabla ya muda wake mwaka 1996, baada ya kuona madhara yanaelekea kule kule. Mboga hazikuwa na hatia katika jambo hili. Mtu anayekula mboga nyingi ana maisha yake mazima yanayokwenda na mboga hizo, na kidonge hakiwezi kuyabeba. Mjomba wangu, aliyevuta sigara tangu ujana, aliletewa kopo la vidonge vya namna hiyo na mtu aliyezunguka mitaani akiuza virutubisho, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimekwishasoma habari za Finland siku ile.

Kuna aina nyingine ya utafiti, ambayo haimuulizi mtu alikula nini, bali humpikia. Ni ghali, huchukua watu wachache kwa muda mfupi, na ndiyo ambayo mimi huiamini zaidi. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uholanzi, Ronald Mensink na Martijn Katan, waliwalisha watu 59 vyakula vya aina tatu, kila aina kwa wiki tatu, tofauti kubwa ikiwa ni mafuta yaliyotumika. Mafuta ya transi, yaani yale yanayotokea mafuta ya mimea yanapogandishwa kiwandani kwa kuingizwa haidrojeni, yaliipandisha lehemu mbaya, ile inayoziba mishipa ya damu, na kuishusha ile nzuri kwa wakati mmoja. Mafuta ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakijaa kwenye majarini na mafuta ya kopo ya zama zile. Karatasi ya mama ilipoandikwa, matokeo hayo yalikuwa na umri wa miaka tisa. Denmark iliyawekea kikomo kwa sheria mwaka 2003, na Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba yaondolewe kwenye vyakula duniani kote ifikapo 2023. Mama yangu alikuwa ameyapokea kama mbadala salama wa nazi.

Kuhusu presha yenyewe, jaribio lililonifungua macho lilichapishwa Marekani mwaka 1997 na linajulikana kwa jina la DASH. Watu wazima 459 walipikiwa na kupewa chakula chote kwa wiki nane. Kundi lililopewa matunda na mboga kwa wingi, pamoja na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, lilishuka presha kuliko kundi lililokula chakula cha kawaida cha Wamarekani, na kwa wale waliokuwa na presha tangu mwanzo kipimo cha juu kilishuka kwa 11.4 na cha chini kwa 5.5. Mwaka 2001 wakarudia kwa watu 412, safari hii wakibadilisha chumvi katika viwango vitatu, na kila chumvi ilipopunguzwa presha nayo ilishuka, iwe mtu anakula chakula cha kawaida au kile bora. Baadaye ikaja kazi kubwa ya China, iliyotangazwa mwaka 2021, ambapo vijiji 600 vyenye washiriki 20,995, wazee wenye presha au watu waliowahi kupata kiharusi, viligawanywa kwa bahati nasibu: nusu waliendelea na chumvi ya kawaida, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu. Kwa muda wa karibu miaka mitano viharusi vilipungua kwa asilimia 14 miongoni mwa waliobadilishiwa. Hapo hakuna bakuli la kwenye picha wala mtu anayemkirimu mgeni kwa jibu. Kiharusi huhesabiwa.

Baada ya chumvi nilirudi kwa nazi, nikitumaini, nakiri, kwamba nitaikuta haina kosa lolote. Haikuwa hivyo. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni ya aina iliyoshiba, ile inayopandisha lehemu, na mwaka 2020 watafiti waliokusanya majaribio 16 yaliyolinganisha mafuta ya nazi na mafuta mengine walikuta kwamba nazi huipandisha lehemu mbaya kuliko mafuta ya mimea isiyo ya nchi za joto. Kwa upande wa lehemu, basi, yule aliyepiga mstari chini ya neno nazi hakukosea njia. Ila ugonjwa uliompeleka mama pale ulikuwa presha, na adui mkubwa wa presha alikuwa kwenye papa.

Wapo watakaonikumbusha visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika bahari ya Pasifiki, ambavyo habari zake zilichapishwa mwaka 1981. Watu wa huko walipata sehemu kubwa ya nguvu za mwili kutoka kwenye nazi, na magonjwa ya moyo yalikuwa machache. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kisha ikanibidi nizitie kwenye mizani ile ile niliyotumia kwa wengine: watu wale walivua samaki, walifanya kazi za mikono, walikula sukari kidogo, na hakuna aliyewagawanya kwa bahati nasibu. Nisipoamini madodoso yanaponinyang'anya chakula ninachokipenda, sina haki ya kuyaamini yanaponirudishia. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto wa dada yangu aliponiletea chupa ya mafuta ya nazi yanayouzwa kama dawa ya moyo, ubongo na unene kwa pamoja, nilimshukuru, nikayapaka nywele.

Mwaka 2005 nilikaa na mama jikoni, nikamweleza niliyoyasoma. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama papa naye aachwe kabisa. Tulikubaliana aliwe mara moja kwa wiki, alowekwe usiku kucha, maji yabadilishwe mara mbili, na chungu kisitiwe chumvi nyingine; ukali wake ungetokana na ndimu na pilipili. Mafuta ya kopo yalitoka nyumbani siku hiyo hiyo. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi Muscat, alileta mashine ya kupimia presha ya kufunga mkononi, nami nikanunua daftari la mistari, tukawa tunapima asubuhi na jioni baada ya kukaa dakika tano bila kuzungumza. Mwezi wa kwanza wastani wa kipimo cha juu ulikuwa 168. Mwezi wa tatu ulikuwa 146.

Ningependa kuandika kwamba ni chakula ndicho kilichofanya hivyo, na kwa miaka kadhaa niliwasimulia watu hivyo. Lakini daftari lina ukurasa wa wiki ya sita, wenye mwandiko wangu mwenyewe, unaosema kwamba daktari alibadilisha dawa moja na kuongeza nyingine. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na siwezi kuyatenganisha. Mgonjwa mmoja, hata akiwa mama yako, hata ukimpima mara mbili kwa siku, hawezi kukujibu swali ambalo liliwahitaji watu 459 na jiko zima la watafiti.

Kuhusu mayai nitasema kwa ufupi. Shirika la moyo la Marekani lilishauri mwaka 1968 kwamba mtu asizidishe miligramu 300 za lehemu kwa siku, na kikomo hicho kiliondolewa kwenye mwongozo wa ulaji wa nchi hiyo wa 2015 hadi 2020, kwa kuwa ilionekana kwamba kwa watu wengi lehemu ya kwenye chakula huathiri kidogo lehemu ya kwenye damu. Kwa miaka sita mama alikuwa ameuza mayai ambayo yangekuwa protini yake rahisi kuliko zote. Wengi wakisikia hivyo hukasirika, na hasira hiyo ninaielewa. Nami nimejifunza kuuliza, kila nikitajiwa asilimia, ni asilimia ya nini. Mwaka 2015 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani ilitangaza kwamba gramu 50 za nyama iliyosindikwa kila siku, kama soseji, huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Katika nchi ambako watu 5 kati ya 100 huipata maishani, ongezeko hilo linawafikisha karibu na 6. Ni hatari ya kweli, imenifanya nipunguze soseji za watoto asubuhi, lakini hainifanyi nimnyang'anye mtoto kipande alichopewa kwenye sherehe ya jirani.

Lakini hasira inayotokana na mayai ina madhara yake, na hapa ndipo ninapogombana na ndugu zangu mwenyewe. Shemeji yangu, akishasikia ya mayai, husema kwamba wataalamu hawa leo wanasema hili na kesho lile, kwa hiyo yeye atakula anachotaka. Mke wa mwanawe alipokuwa na mimba ya kwanza nilimsikia akimwambia vidonge vya kliniki ni biashara za Wazungu. Mwaka 1991 yalitolewa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye mgongo wazi au tatizo la aina hiyo, na asidi ya foliki, vitamini ya kundi B iliyomo kwenye vidonge hivyo, ilizuia tatizo hilo kujirudia kwa asilimia 72. Hakuna dodoso la mboga linaloweza kusimama karibu na matokeo kama hayo. Tanzania iliweka agizo mwaka 2011 kwamba unga wa ngano na wa mahindi unaosindikwa viwandani uongezwe virutubisho, na asidi ya foliki ni mojawapo. Kuna chumvi yenye madini joto, ambayo imeondoa uvimbe wa shingo kwenye vijiji ambako zamani ulihesabiwa kuwa maumbile ya ukoo. Kuna sumukuvu kwenye mahindi na karanga zilizovunda ghalani, ambayo mwaka 2004 iliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua mashariki mwa Kenya. Mambo haya hayageuki kila mwaka. Nilimpeleka yule binti kliniki mimi mwenyewe, nikakaa naye mpaka akachukua vidonge vyake, na baba mkwe wake hakunisemesha kwa mwezi mzima.

Mwaka 2025 zilitoka habari zilizonigusa kwa kuwa zinatoka nyumbani. Watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi waliwachukua wanaume vijana 77 wa mkoa wa Kilimanjaro. Waliokuwa wakila chakula cha asili kijijini walihamishiwa chakula cha mtindo wa Kimagharibi kwa wiki mbili, wa mjini wakahamishiwa chakula cha asili, na wengine wakanywa mbege, pombe ya asili ya ndizi na ulezi, kila siku kwa wiki moja. Damu za waliohamia chakula cha Kimagharibi zilionyesha dalili za mwili kuvimba kwa ndani na kinga kubadilika, na za waliokwenda upande wa pili zikaelekea kinyume chake. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baadaye. Nilisoma habari hizo mara tatu. Hapa, kwa mara moja, watu waliokula kiburu cha ndizi na maharage yetu hawakuwa mstari wa "mengineyo". Hata hivyo walikuwa wanaume tu, vijana, kwa wiki mbili, na kilichopimwa ni dalili za kwenye damu, si ugonjwa. Rafiki yangu mmoja wa Marangu ameanza kunywa mbege kila jioni kwa kisingizio cha sayansi, nami nimemwambia wazi kwamba utafiti haukumpa ruhusa hiyo.

Mama sasa ana miaka 80. Mbuzi ilishushwa kutoka darini zamani, baada ya kipimo cha lehemu kuonyesha kwamba yuko vizuri, na chungu ambacho zamani kilichukua nazi tatu sasa kinachukua moja, tena tui lake la pili zaidi kuliko la kwanza. Wiki iliyopita nilifika jioni nikamkuta anamloweka papa kwenye beseni kwa ajili ya kesho yake. Aliniuliza, kama anavyoniuliza kila mara, hao wataalamu wangu wamesemaje mwaka huu kuhusu nazi. Nilimjibu kwamba bado wanabishana. "Na chumvi?" Nikamwambia chumvi ni ile ile, hawajabadilisha neno. Aliitikia kwa kichwa, akainamisha beseni kwenye mfereji, akamwaga maji yaliyokuwa meupe kama tui jepesi, akajaza mengine.